Ubao Ulioandikwa Kabla ya Uso

Mwaka wa 1987 nilikuwa na shahada ya sanaa, chumba kimoja cha kupanga Mamboleo, mjini Kisumu, na darasa la wanafunzi arobaini na wawili ambao mchoro wa rangi pekee waliowahi kuuona ukutani ulikuwa wa Bwana Yesu. Nilikuwa nikifundisha kwa muda katika shule ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wazazi, huku nikisubiri barua ya kupangiwa kazi. Shule haikuwa na kitabu hata kimoja cha sanaa. Nilikuwa na daftari kubwa ambamo, kwa miaka yangu yote ya chuo, nilikuwa nimebandika picha nilizokata kwenye magazeti ya zamani, nyingi zikiwa nyeusi na nyeupe. Kwa daftari hilo nilifundisha historia ya sanaa ya dunia nzima. Niliweka kidole kwenye weusi nikasema, "Hapa kuna buluu," nao wakaandika: buluu.

Jioni nilikuwa peke yangu. Kila mwisho wa mwezi nilimwandikia mama, huko Port Victoria, kwamba niko salama, kazi inaendelea vizuri na majirani ni watu wema. Majirani sikuwajua. Walitoka alfajiri na kurudi wamechoka, kama mimi, na kupitia ukuta mwembamba uliotutenga nilijua kikohozi cha kila mmoja bila kujua jina lake. Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nikienda soko la Kibuye. Sikwenda kununua kitu. Sokoni mtu anaweza kuwa mpweke na hakuna atakayemwuliza kwa nini.

Huko ndiko nilikomkuta Absalom Obiero.

Kibanda chake kilikuwa upande wa mafundi wa majeneza. Wao walitengeneza sanduku, yeye alitengeneza uso. Miaka ile familia nyingi hazikuwa na picha kubwa ya mtu wao. Zilimletea Absalom picha ndogo ya kitambulisho, au picha ya harusi ya watu wengine ambamo marehemu alionekana nyuma kabisa akitafuta pa kusimama, naye aliuchora uso ule kwenye ubao wa plaiwudi wa ukubwa wa sinia ya chai. Ubao ulibebwa mbele ya jeneza, ukasimamishwa kando yake watu walipokuja kuaga. Chini ya kila uso palikuwa na utepe mweupe, na kwenye utepe jina, na maneno mawili: ALIZALIWA, ALIFARIKI.

Siku hiyo nyuso saba zilikuwa zimeanikwa juani, zimeegemezwa ukutani. Wote walikuwa wakitazama juu kidogo ya kichwa changu, kama watu wanaosubiri kuitwa ndani ya ofisi. Nilisimama mbele yao muda mrefu.

"Unatafuta nani?" sauti iliniuliza kutoka ndani.

Nilijibu kwamba simtafuti mtu, natazama tu.

"Hapa watu hawatazami. Wanatafuta."

Akatoka. Alikuwa mtu mrefu wa miaka hamsini na kitu, mwenye shati lililojaa rangi na jicho moja lililoanza kufunikwa na ukungu. Nilimweleza kwamba nimesomea wachoraji, maisha yao na kazi zao, wa Uholanzi, wa Japani, wa Misri. Akauliza kama wako hai. Nikasema wamekufa wote, siku nyingi.

"Basi tuko kazi moja," akasema, na akanivutia kigoda.

Nilikuwa na ndoto wakati huo, na sioni aibu kuitaja. Nilitaka kuandika juu ya wachoraji wa ufuko wetu, wale ambao hakuna chuo kilichowahi kuuliza majina yao. Nikawa naenda kwa Absalom kila Jumapili na madaftari mawili: moja la kuandika maisha yake, moja la kumwonyesha maisha ya wenzake. Alinisimulia kwamba alizaliwa Uyoma, alijifunza herufi kwa kuandika majina ya mashua, akaja mjini kuandika vibao vya maduka. Mwaka wa 1967 mwenye duka mmoja alifariki, na mjane wake akamwomba fundi aliyeandika kibao amchore na mwenye kibao. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa duka tena.

Mimi nilimsimulia Rembrandt wa Amsterdam, aliyezika mke na watoto, akafilisika, akafiwa na mwanawe wa kiume pekee aliyebaki, na katika miaka yote hiyo akawa anajichora mwenyewe mara kwa mara, uso ukizidi kuzeeka. Absalom alitazama kipande cha gazeti kwa jicho lake zuri.

"Alijichora kwa sababu watu walikataa kukaa," akasema.

Haikuwa hivyo. Watu wengi walikaa mbele ya Rembrandt. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuelewa kwamba hakuwa akimzungumzia Rembrandt, na sikumsahihisha. Nilimsimulia pia Hokusai wa Japani, anayesemekana kuhama nyumba zaidi ya mara tisini, na ambaye karibu na kufa, akiwa anakaribia miaka tisini, aliomba miaka mingine mitano tu ili awe mchoraji wa kweli. Kuhusu kuhama, Absalom alisema mtu huyo alikuwa anakimbia mwenye nyumba. Nilipotaja miaka mitano, aligeukia kopo lake la mafuta ya taa. Aliosha brashi ambayo ilikuwa safi tayari.

Ukweli ni kwamba watu walimkwepa. Mama wa chai alimwekea kikombe akiwa ameugeuza uso wake pembeni. Wanawake wa mitumba walivuta leso wakipita. Walisema mtu huyu akikutazama sana, anakuandaa. Jirani yake Enos, fundi wa majeneza, alifanya jambo hilo kuwa mzaha wa kila siku: "Mimi napima urefu, mzee anapima uso. Mkituona tumesimama pamoja, kimbieni." Watu walicheka na wakaharakisha. Absalom pia alicheka. Lakini Enos mwenyewe, niligundua, alizungumza naye akiwa amekaza macho kwenye randa yake.

Jumapili moja ya mwezi wa Mei nilimwonyesha picha za Fayum. Ni nyuso zilizochorwa Misri karibu miaka elfu mbili iliyopita, kwa nta na rangi, juu ya mbao nyembamba. Mtu alipokufa, ubao ulifungwa juu ya uso wake ndani ya sanda. Majina ya wachoraji hayajulikani. Nilimwambia kwamba mashamba ya Fayum hunyweshwa na mto Naili, na sehemu ya maji ya mto huo hutoka katika ziwa hili letu. Nilidhani hilo ndilo lingemgusa. Yeye alikuwa ameinamia macho ya mwanamke mmoja kwenye picha, macho makubwa yaliyomtazama moja kwa moja.

"Huyu hakuchorwa amekufa."

Nikasema wataalamu wengine wanaamini hivyo: kwamba nyuso hizi zilichorwa watu wakiwa hai, zikatundikwa nyumbani, zikangoja.

"Walikubali? Walikaa hivi, mbele ya fundi, na fundi ndiye huyo huyo wa mazishi?"

"Huenda walikubali."

Alilifunga daftari. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimeuliza. Mke wake aliitwa Milka. Waliishi pamoja miaka kumi na tisa, na kwa miaka yote hiyo alimkataza asimchore. Alipofariki mwaka wa 1979 palikuwa na picha moja tu, ya akina mama wa kanisa, ambamo uso wake ulikuwa mdogo kama punje ya harage. Absalom alimchora kutoka kwa punje hiyo. Waombolezaji walisema amemchora dada yake. Alijaribu tena, akakwama kwenye pua. Hakuijua pua ya mke wake.

"Nimechora watu zaidi ya elfu, mwalimu. Hakuna aliyewahi kunitazama." Aligusa jicho lenye ukungu. "Hili limeanza kufunikwa, na daktari anasema la pili litalifuata. Nataka mmoja tu. Mmoja aliye hai."

Nilimwuliza kwa nini asijichore kwa kioo, kama Rembrandt. Akasema alijaribu, lakini mtu wa kwenye kioo alikuwa na kazi kama yeye. Alitaka mtu aliyekaa tu.

Nikasema nitakaa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nilikuwa na shahada, na niliamini kwamba ushirikina ni ukosefu wa vitabu.

Jumapili ya kwanza hakuweza kuanza. Alinitazama, akatazama ubao, akanitazama tena.

"Unahema, mwalimu."

"Samahani, mzee."

"Picha hazihemi. Jaribu kuacha kidogo."

Nikazuia pumzi hadi tukacheka sote wawili, na siku ikaisha hivyo.

Jumapili ya pili ndipo kosa lilipofanyika, na lilikuwa letu sote wawili. Mazishi hayangoji, kwa hiyo Absalom alikuwa akiandaa mbao kumi kwa mpigo: anapiga msasa, anapaka nyeupe, anachora utepe, anaandika ALIZALIWA na ALIFARIKI kwa herufi zilizonyooka kama za gazeti, na kuacha nafasi. Maneno yalikauka kwanza, uso ulikuja mwisho. Siku hiyo alichukua ubao wa juu kwenye rundo, akachovya brashi nyembamba, akaniuliza kwa sauti aliyotumia kwa kila familia: jina kamili? Nikamjibu. Mwaka wa kuzaliwa? Nikamjibu. Mkono wake ukaandika, ELSIE NAKHUNGU, ALIZALIWA 1963, na ukafika kwenye neno la pili ukasimama.

Tukautazama utepe. Absalom alisema, kwa aibu, kwamba ni mazoea ya mkono, na kwamba hana ubao mwingine mtupu. Kazi ikiisha ataufunika utepe wote kwa rangi ya kahawia. Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kuubeba ubao ule na kuupiga msasa kwa mikono yangu. Lakini alikuwa ameshachukua brashi nene na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake, nami nikasema haidhuru.

Kisha akanitazama.

Sijui kueleza vizuri jambo hilo. Nilikuwa nimekaa Kisumu karibu mwaka mzima. Wanafunzi walitazama ubao, mwalimu mkuu alitazama saa, majirani walitazama njia. Hakuna mtu aliyekuwa amenitazama usoni kwa muda unaozidi salamu. Sasa mtu alikuwa akitazama paji langu, kisha kope zangu, kisha pembe za mdomo, polepole, kama anayesoma barua iliyoandikwa vibaya na hataki kuruka neno. Machozi yakanilengalenga. Nikasema ni mafuta ya taa aliyokuwa akisafishia brashi. Absalom aliweka brashi chini, akangoja, akaichukua tena.

Jumapili ya nne uso ulikuwa umekamilika. Sikuutazama sana. Nilimwambia ni mzuri, naye akasema, "Sijui kama ni mzuri. Najua ni wewe." Rangi ilikuwa bado mbichi, na kahawia ingechanganyika na shingo. Tukakubaliana afunike utepe siku ya Jumatano.

Jumatatu asubuhi aliutoa nje ukauke pamoja na wengine, akaenda hospitali kuonyesha macho.

Siku hiyo hiyo Wakhisi, mfanyabiashara wa samaki wakavu kutoka kwetu Port Victoria, alikuwa Kibuye. Wakhisi alinijua tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Alipita upande wa majeneza akielekea chooni, akauona uso wangu juani kati ya mzee mwenye tai na mwanamke mwenye kitambaa cha kanisa. Alisoma jina. Alisoma mwaka. Alimwuliza Enos, aliyekuwa amesimama pale na randa yake, kwa nini hakuna tarehe ya kufariki.

Enos aliyajua yote, nami naamini hakutaka ubaya. Ulimi wake ulikuwa umezoea.

"Hiyo bado hajaileta mwenyewe," akasema.

Wakhisi alielewa kwamba anayesemwa si mimi bali mwenye msiba, na kwamba mwili uko hospitali. Hakuuliza zaidi. Huko kwetu mtu hahoji wageni habari ya kifo cha mtoto wa jirani. Aliwaachia wenzake samaki wake, akasafiri siku hiyo hiyo, na kabla ya jua kuzama alikuwa mlangoni kwa mama yangu, amevua kofia.

Mimi sikujua lolote. Jumatano saa nne nilikuwa darasani, nikieleza jinsi mwanga unavyoangukia upande mmoja wa uso, nilipoona wanafunzi wanatazama mlango. Baba mdogo wangu, Shitanda, ndugu wa marehemu baba, alikuwa amesimama pale kwa suti yake ya mazishi. Nyuma yake palikuwa na wazee wawili wa kanisa. Walikuwa wamepita vyumba viwili vya maiti bila kunipata, wakaja shuleni kuchukua vitu vyangu.

Alinitazama. Kisha akawatazama wanafunzi, kama anayehitaji mashahidi.

"Nakhungu," akasema polepole, "unafundisha?"

"Ndiyo, baba."

Akaketi kwenye dawati la mbele, karibu na msichana aliyesogea hadi ukutani, akafunika uso kwa mikono yote miwili. Alipoiondoa alikuwa na hasira. Aliniambia mbele ya darasa lote kwamba mama ameketi chini tangu juzi, hali chakula, kwamba ng'ombe amechinjwa, kwamba shimo limepimwa, na kwamba nje kuna pikapu ya kanisa yenye jeneza tupu. Ilikuwa kweli. Nilirudi nyumbani nimekaa mbele kati ya baba mdogo na dereva, jeneza langu likigongagonga nyuma yetu kwenye mashimo ya barabara hadi tulipoona ziwa.

Gari lilipoingia uani wanawake walipiga mayowe kwa sababu waliona jeneza. Niliposhuka wakapiga mayowe mengine, na wachache wakakimbilia kwenye mihogo. Mama hakukimbia. Alishika mkono wangu, akaugeuza, akanusa kiganja.

"Chaki," akasema, na akaketi tena pale pale.

Mchungaji aliomba maombi marefu, akimshukuru Mungu na kunikemea katika sala hiyo moja. Kisha watu walikula chakula cha matanga yangu, mimi nikiwa kati yao. Shangazi mmoja alinipakulia nyama akisema nile, ni ya kwangu. Wengine walicheka. Mama hakucheka. Usiku kucha alilala akiwa ameshika pindo la nguo yangu, na asubuhi alikuwa ameamua. Atakwenda Kisumu, ambako hakuwa amefika kwa miaka minane, aone kwa macho yake ubao huo ukichomwa.

Nilijaribu kumweleza. Nilizungumza juu ya mzee aliyekuwa hana mtu, juu ya macho yake, hata juu ya Misri. Alisikiliza yote.

"Mwanangu, mimi nimekulilia," akasema. "Usinifundishe."

Nikaahidi kwamba utachomwa.

Ijumaa tulifika Kibuye kabla ya adhuhuri. Enos alituona kwa mbali akaingia ndani ya kibanda chake, na randa ikaanza kazi kwa nguvu. Habari ilikuwa imemfikia Absalom. Alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono ikining'inia. Alimsalimu mama kwa kuinama, akasema ubao uko ndani na utepe hajaugusa. Aliogopa kwamba akiufunika bila sisi kuona, tutasema ameficha. Alikuwa tayari ameweka nje kopo la mafuta ya taa na kiberiti.

"Ulete," mama akasema.

Akauleta, akauegemeza kwenye kigoda nilichokuwa nikikalia, akarudi nyuma hatua tatu.

Hapo ndipo nilipoutazama kwa mara ya kwanza kama mtu anavyopaswa kutazama. Kulikuwa na makosa ambayo ningeyasahihisha kwa mwanafunzi wangu: sikio moja juu kuliko jingine, shingo ngumu. Lakini macho hayakutazama juu ya kichwa cha mtu. Yalikutazama wewe, na yalikuwa ya msichana ambaye amekaa muda mrefu akisubiri mtu amwulize hali, na ambaye ameshaandaa jibu kwamba ni mzima.

Mama aliutazama. Sokoni watu walipita, wakapunguza mwendo, wakaendelea. Alisogea karibu, akapiga magoti kwa shida mbele ya kigoda, hadi nyuso zikalingana.

"Barua zako hazina uso huu," akasema.

Nikatazama kile kiberiti.

"Mimi sikuongeza kitu, mama," Absalom akasema kwa sauti ya chini. "Nilichora nilichoona."

"Najua. Hukuongeza." Hakugeuka. Akaniuliza kwa lugha yetu, polepole, nani anayekula nami jioni. Nikasema hakuna. Akauliza, Jumapili? Nikasema Jumapili nilikuwa nakuja hapa. Akauliza kwa nini sikumwambia. Nikasema aliuza mashua ya baba ili nisome, na mtu aliyesomeshwa kwa mashua hawezi kuandika nyumbani kwamba analia. Sikuwa nimewahi kulisema jambo hilo, hata peke yangu. Mama alipangusa pua kwa leso akabaki amepiga magoti.

Kiberiti kilikuwa pale pale juu ya kopo. Mimi nilikuwa nimeahidi, na nilikiinua. Ninasema hivi ili ijulikane kwamba ningeuchoma.

"Weka chini," mama akasema. "Nitachomaje mtu anayenitazama?"

Lakini hakukubali ubaki. Alisema mtoto wake hawezi kukaa na wafu, hata ndani, hata kwa mtu mwema. Ataubeba yeye. Ila neno lile lifutwe kwanza, mbele yake.

Absalom alipaka kahawia juu ya utepe. Weusi ukachungulia chini ya rangi: ALIFARIKI, kama kitu kilicho majini. Tukangoja ukauke, akapaka tena. Bado ukachungulia. Mama akasema hata mara kumi. Tulikaa pale saa nyingi, sisi watatu, na nikaleta chai. Wakati fulani Absalom alijisahau, akawa anatazama jinsi mama alivyoinamia kikombe.

"Mimi usinitazame, mzee," mama akasema, bila ukali.

Akageuza kigoda chake akaelekea ukuta, akanywa chai yake hivyo.

Mkono wa nne wa rangi ulifunika. Mama akaufunga ubao kwa leso yake ya pili, uso ukimwelekea kifuani, akasimama. Nilikuwa nikimtazama Absalom. Kwa miaka ishirini alikuwa amewapa watu nyuso zao na kubaki na rangi kwenye vidole. Uso huu mmoja ndio aliotaka kubaki nao, na alikuwa nao siku tano. Hakumzuia. Alisema tu kwamba usitundikwe penye jua, kwa kuwa jua hula rangi nyekundu na mtu huonekana mgonjwa. Mama akaitikia kwamba amesikia. Kisha, baada ya hatua chache, alirudi akampa mkono, naye akaushika kwa mikono miwili akitazama chini.

Jumapili iliyofuata nilikwenda. Nilikuwa nimenunua plaiwudi tupu, isiyo na utepe, nikaipiga msasa mwenyewe. Nilimwambia nitakaa tena. Akatikisa kichwa.

"Mama yako ameshakulilia mara moja. Inatosha."

Nilimbishia. Nilisema tutafunga mlango, hakuna atakayeona. Akasema kazi ya kufunga mlango si kazi. Akaniachia plaiwudi yangu mkononi, akageukia ubao uliokuwa mbele yake. Mazishi yalikuwa Jumanne. Marehemu alikuwa karani wa bandari aliyestaafu, na familia ilikuwa imeleta picha moja tu, ambayo karani alikuwa amefumba macho wakati kamera ilipolia. Uso ulikuwa tayari: pua, mashavu, masharubu. Mahali pa macho palikuwa peupe.

Sikuondoka. Niliketi kwenye kigoda kile kile, si kwa kuchorwa, ila kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda, naye alijua. Alifanya kazi. Mara akainua kichwa, akanitazama, akarudi kwenye ubao. Akainua tena.

"Mzee," nikasema, "unafanya nini?"

"Tulia. Jicho la kushoto tu." Brashi haikusimama. "Jicho moja mama yako hatalijua."

"Na la kulia utalitoa wapi?"

Aliinua sauti kidogo, ivuke ukuta wa mabati.

"La kulia nitamwomba Enos."

Upande wa pili randa ilinyamaza. Kisha Enos akaja akasimama mlangoni, macho chini, akijipangusa vumbi la mbao usoni.